Koti Jeupe Lililonuka Ndagala Kanisani

Asifiwe Mungu aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi, aliyetushika mkono wakati maji ya ziwa yalipopanda hadi kwenye milango yetu, na ambaye bado ananipa macho ya kuuona mstari ninaouandika. Ninaanza na yeye kwa sababu nikianza na watu nitaanza na matusi, nami ni mama wa kanisa, nimefundisha darasa la ubatizo hapa Uvira tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sitaki hasira inikoseshe adabu kabla sijafika hata kwenye habari yenyewe.

Basi habari yenyewe ni hii. Mimi, ambaye watu wa mtaa wetu wa Nyamianda wananiita Mama Mwalimu, ambaye nimewakemea watoto wenu kwa kutafuna karanga wakati wa mahubiri, nilisimama mbele ya kanisa lililojaa, Jumapili, nikiwa nimeshika koti jeupe lenye damu na magamba ya samaki, nikampigia kelele mama mwenzangu kwamba ni adui wa kizazi changu. Ndiyo, ni mimi. Baadhi yenu mlikuwepo na mliona kwa macho. Wengine mmesimuliwa na wale waliokuwepo, nao wameongeza chumvi (ingawa Mungu anajua chumvi ilikuwa imetosha). Aibu ile ninayo, na hasira pia ninayo, na kati ya hizo mbili sijui ipi imezeeka pamoja nami zaidi.

Mjukuu wangu anaitwa Riziki. Mama yake, binti yangu, alitutoka Riziki akiwa bado ananyonya, na baba yake alikwenda Kalemie, akaoa huko, akabaki huko, kwa hiyo mtoto amekulia kwenye mgongo wangu. Na mgongo huo, mjue, ulikuwa mgongo wa mwanamke wa ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani. Asubuhi nilikuwa ufukweni kupokea ndagala wabichi kutoka kwa wavuvi, mchana kutwa ninawageuza juu ya mchanga wakauke, jioni ninajisugua kwa ndimu na sabuni mpaka ngozi inawasha, halafu ninavaa kitenge safi na kwenda kufundisha neno la Mungu. Kwa maana nilikuwa nimesikia, tangu zamani, wakinong'ona nyuma yangu: "Yule mwalimu anafundisha vizuri, lakini anukia ziwa." Neno hilo lilinikaa moyoni. Nikaapa kwamba Riziki hatanuka ziwa. Riziki atanuka dawa.

Alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, seksio ya biolojia na kemia, finalisti kama tunavyowaita, anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Nanyi mnajua desturi yetu. Kabla ya mtihani kuna Jumapili ya kubariki kalamu: finalisti wote wanakuja mbele na kalamu zao, wazee wanaweka mikono juu ya vichwa, kalamu zinaombewa ili zisisahau yale waliyofundishwa. Ni desturi nzuri, nami sina neno nayo. Neno langu ni lile tulilolipachika juu yake siku za karibuni, la pasta kuchukua mikro, yaani kipaza sauti, na kumuuliza kila mtoto mbele ya watu wote, "Na weye, mwana wetu, utakwenda kusoma nini universite?" Mtoto ambaye hajafanya hata mtihani! Na zaidi ya hapo, anayejibu si mtoto. Wanaojibu ni bibi, babu, mjomba, shangazi, kila mmoja ananyanyuka kwenye benchi lake na kupaza sauti kama watu wanaogombania viti vya harusi. "Sheria!" "Ekonomi!" "Politeknike!" Na mtoto amesimama pale, ameshika kalamu, kama mbuzi anayesikiliza wanunuzi.

Mbele ya Riziki kwenye mstari alikuwa amesimama Yoshua, mjukuu wa Mama Rahabu. Huyu Mama Rahabu ni kiongozi wa umoja wa mama wa kanisa letu, tumezeeka pamoja, tumepikiana uji wa uzazi, na bado nikimwona amevaa kilemba kipya ninahisi kiungulia. Pasta hajamaliza kuuliza, Mama Rahabu yuko juu: "Avoka! Yoshua wangu iko anaenda kuwa avoka, Pasta, tayari tunamwita Metre mule mu nyumba!" Kanisa likapiga makofi, kwa maana avoka ni wakili, na Metre ndilo jina lake la heshima. Na Mama Rahabu, akikaa, akanigeukia na kutabasamu. Tabasamu tu.

Pasta akafika kwa Riziki. "Na weye, binti?"

Nataka mjue jambo hili, kwa sababu nililiona na sikuweza tena kulisahau: mdomo wa Riziki ulifunguka. Alikuwa anataka kusema. Nami, kwa sababu ya tabasamu la mwanamke mwenzangu, nikawa nimekwisha simama na kitenge kinaniteleza kiunoni, nikasema kwa sauti ambayo haikuhitaji mikro, "Dokta! Huyu ni dokta wa kanisa hili!" Pasta akafurahi, akaniita nije mimi mwenyewe niombe, nami nikaweka mikono juu ya kichwa cha mtoto na kusema, "Ee Mungu, bariki mkono wa dokta huyu uliyetupa," na kanisa zima likajibu Amina, na ngoma ikapigwa, na mdomo wa Riziki ukafungwa.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Neno moja. Sasa oneni lilivyojiviringisha.

Kuanzia kesho yake mtaa mzima ulimwita Dokta. Wenye pikipiki: "Dokta, tukupeleke?" Muuza makaa: "Dokta, angalia hii fizi yangu." Mzee jirani yetu alikuja na goti lake, akalinyoosha juu ya kigoda changu, akangoja. Riziki akamwambia, kwa jina tunalowaitia babu na bibi, "Koko, miye niko mwanafunzi, muende kwa kituo cha afya," na yule mzee akacheka, akaniambia kwamba madokta wote wanaanza na maringo. Nami (Mungu anisamehe) nilikuwa ninawawekea viti. Nilikuwa ninawapa maji ya kunywa. Nilikuwa ninaona fahari kana kwamba goti lile lilikuwa limeletwa kama sadaka.

Halafu mama wa kanisa, wakiongozwa na huyo huyo Mama Rahabu, wakashona koti jeupe la kidaktari, refu, lenye mifuko mikubwa, wakalileta nyumbani kwa nyimbo. Nilipoona ni Mama Rahabu aliyelibeba nikajiambia kwamba ameshindwa na amekubali. Tukakubaliana kwamba Riziki atavalishwa koti hilo mbele ya kanisa matokeo ya mtihani yatakapotoka, wakati ule wa watu kumwagiana poda nyeupe vichwani na kuimba barabarani. Nikalikunja, nikalitia kwenye sanduku chini ya kitanda changu.

Nilimuuliza Riziki kama amelipenda. Akasema, "Ni zuri, Koko." Nikaridhika. Ona nilivyokuwa: niliweza kumuuliza juu ya kitambaa.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua. Mwalimu wao wa biolojia alikuwa amewapeleka, siku moja, kwenye ofisi iliyoko kando ya maji ambako watu wanachunguza ziwa: maji yake, samaki wake, wanakula nini, wanazaa wapi. Wenzake Riziki walirudi nyumbani wakacheka harufu. Yeye akarudi tena Jumamosi iliyofuata. Na iliyofuata. Aliniaga kwamba anaenda kurudia masomo, nami nikampa maandazi. Kule walimkubali, lakini walimwambia kwamba hakuna anayeshika kisu bila kuvaa koti jeupe. Na koti jeupe lilikuwa wapi? Mnajua lilikuwa wapi.

Jumamosi moja akalichukua, akaenda nalo, akashinda anapasua ndagala na mikeke, samaki wakubwa kuliko ndagala, kuangalia matumbo yao, na jioni alipokuwa anarudi akiwaza jinsi ya kulifua bila mimi kuona, akakuta nyumba imejaa. Shemeji yangu Zakaria amefika.

Zakaria ni mdogo wa marehemu mume wangu. Analima maharagwe kule juu, Lemera, na kwa kuwa huko kuna hospitali ambayo watu wanaipandia kutoka kila upande, amezeeka akiwaona madokta wakisalimiwa kwa mikono miwili, na hakuna kitu duniani anachokiheshimu zaidi. Habari za pale kanisani zilikuwa zimepanda mlima zikamfikia. Akateremka kwa miguu, akapata gari Sange, akanishukia mlangoni na jogoo mkononi na gunia la maharagwe, akisema mbele ya majirani, "Iko wapi Dokta wangu? Mie ndiye nitamusomesha. Mutoto wangu mukubwa iko Bukavu, atalala kwake, atakula kwake. Dokta mu ukoo wetu! Kaka yangu angefufuka aone!"

Nililia. Kweli nililia, nikamshukuru Mungu, kwa sababu swali la mtoto atasomea wapi na kwa pesa gani lilikuwa limeninyima usingizi, na sasa mlango umefunguka wenyewe. Na katika vurugu hiyo ya jogoo na machozi, Riziki akapita kimya chumbani, akalikunja koti na kulirudisha sandukuni, akijiambia kwamba atalifua Jumatatu nikiwa sokoni. Matokeo yako mbali, nani atalifungua?

Nani? Mimi. Kwa sababu nilipokuwa nimelala nikiwaza ukarimu wa shemeji, nikakata shauri: kwa nini tungoje matokeo? Zakaria yuko hapa, atarudi mlimani Jumatatu, na kesho ni Jumapili. Koti livalishwe kesho, akiona kwa macho yake. Asubuhi Riziki aliondoka mapema kufanya mazoezi ya kwaya. Nikavuta sanduku, nikachukua koti jinsi lilivyokunjwa, nikalifunga ndani ya kitenge changu cha sikukuu, nikalikumbatia kifuani kama kichanga.

Mtaniuliza, na kila mtu ameniuliza: Mama Mwalimu, hukusikia harufu? Sikusikia. Nimeanika ndagala miaka yangu yote. Kwa pua yangu harufu ya samaki ni kama hewa yenyewe. Ndiyo maana nilijisugua kwa ndimu zaidi ya inavyohitajika kwa miaka yote ile: nilikuwa ninaosha kitu nisichoweza kukisikia, kwa ajili ya pua za watu wengine.

Kanisani nilikaa benchi la mbele. Mama aliyekuwa kushoto kwangu akasogea. Nikasema moyoni, wananiheshimu, wananipa nafasi. Wa kulia naye akasogea. Mtoto mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Mama, leo watapika?" Zakaria, ambaye ni mtu wa milimani na samaki kwake ni habari ya sikukuu, aliniinamia akanong'ona, "Shemeji, kanisa lenu linanukia kama soko." Nikamjibu kwamba ni upepo wa ziwa.

Baada ya matangazo nikaomba nafasi. Pasta akanipa mikro. Nikamshukuru Mungu kwa muda mrefu (ninyi mnanijua), nikamtambulisha Zakaria, akasimama akapunga mkono kama mbunge, nikamwita Riziki atoke kwaya aje mbele. Alipoona kifurushi mikononi mwangu, uso wake ulibadilika. Akaanza kutikisa kichwa. "Koko," akasema chini chini, "Koko, hapana." Nikadhani ni unyenyekevu. Nikasema ndani ya mikro, "Mwaona anavyojishusha? Hilo ndilo tunda la malezi!" na nikakishika kitenge pembe mbili na kukikung'uta kwa madaha, ili koti lifunguke lote mbele ya watu, jeupe kama theluji.

Halikuwa kama theluji. Kifuani lilikuwa na damu iliyokauka, mikononi magamba yanang'aa kama shanga, na mfukoni (kwa sababu mtoto alikuwa amejiwekea mmoja wa kuja kumwangalia vizuri nyumbani) akachomoka mkeke mzima, mnene, wa tangu jana, akaanguka mbele ya madhabahu. Mlio wake ulikuwa mdogo tu. Lakini nilikuwa nimeshika mikro chini, na mikro ikaufikisha kwa kanisa zima.

Halafu kijana mmoja wa kwaya akasema, "Eeh! Dokta amekwisha kufanya operasio!" Na kanisa likalipuka.

Hapo ningeweza kucheka. Mtu mwenye busara angecheka, angeokota samaki wake, angekaa. Lakini mimi nilisikia, katikati ya kicheko kile, ile sauti ya zamani: anafundisha vizuri, lakini anukia ziwa. Nikamtafuta Mama Rahabu kwa macho, nikamwona ameziba pua kwa kilemba chake na mabega yanatikisika, na nikajua, kwa uhakika kama ninavyojua jina langu, kwamba ni yeye. Yeye ndiye aliyeshona. Yeye ndiye aliyelileta. Nikasema, na mikro bado iko mkononi:

"Rahabu! Umeniwekea samaki mu koti la mutoto wangu! Tangu zamani wivu inakukula! Weye ni adui wa kizazi changu!"

Hakuna aliyecheka tena. Mama Rahabu akaondoa kilemba usoni. Akasimama polepole, na alikuwa analia. "Mama Mwalimu," akasema, "hii koti nimeishona na macho haya yenye hayaone tena vizuri. Miye, nikuwekee samaki? Mu nyumba ya Mungu?"

Ndipo Riziki akachukua mikro mkononi mwangu. Hakuipokonya. Aliichukua tu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kitu chenye makali.

"Ni miye," akasema. "Mama Rahabu haiko na kosa. Nilivaa hii koti kwenda kupasua samaki kule chini kwa maji. Niko nataka kusoma ziwa. Samaki. Siyo dawa. Miye sikusemaka hata siku moja kama nitakuwa dokta." Akanigeukia. "Koko, uliambia Mungu. Uliambia Pasta, na mutaa, na Koko Zakaria mule Lemera. Miye haukuniulizaka."

Nilitoka nje. Sikukumbuka viatu, nilikuwa nimevivua kwa ajili ya kuomba, nikaenda bila viatu barabarani na koti mkononi, na watoto wakanifuata hadi kona ya kwetu wakiimba, "Dokta wa ndagala! Dokta wa ndagala!" Niliwageukia nikawatupia jiwe. (Halikumpata mtu. Lakini nilikusudia.)

Nyumbani hasira ilikuwa imejaa mpaka kooni. Nilimkasirikia Riziki kwa kunidanganya na maandazi yangu. Nilimkasirikia mwalimu wa biolojia. Nilimkasirikia Pasta na mikro yake, na nikiwa mkweli bado nina neno naye. Lakini mtu aliyekuja kunionyesha hasira yangu ilipaswa kwenda wapi alikuwa Zakaria, aliyeingia nyuma yangu, akamshika jogoo wake miguu, na kusema mbele ya Riziki aliyekuwa amesimama mlangoni:

"Samaki! Mutu anaenda universite kusoma samaki? Samaki wanaliwa! Basi nyumba ya Bukavu nimeifunga. Kama haiko dokta, aolewe. Iko na wavuvi wengi hapa, achague mmoja, asome samaki wake mu jiko."

Nilimtazama Riziki. Hakulia. Mdomo wake ulifunguka, kama siku ile ya kalamu. Na nikaona kwamba nikisema neno sasa, lolote lile, utafungwa tena, na safari hii huenda usifunguke kamwe. Nikauma ulimi. Nikamwambia, "Sema."

Akamtazama Zakaria, akanitazama mimi. "Koko Zakaria, ndagala hawa ndio walinilisha. Walimlisha mama yangu, na kaka yenu alipokuwa mugonjwa walimununulia dawa. Wavuvi wanasema kila mwaka nyavu ziko nyepesi. Maji yamepanda, yamekula nyumba, na hakuna mutu hapa kwetu mwenye kujua samaki wataenda wapi. Miye nataka kujua. Basi ni ile tu. Mukinikatalia Bukavu, nitatafuta njia ingine, lakini sitasema tena ndiyo kwa kitu sikuchagua."

"Munasikia!" Zakaria akasema. "Anajibu wazee!"

"Anajibu kwa sababu ameulizwa," nikasema, na hapo hasira yangu yote, ya miaka yote, ya ndimu na sabuni na minong'ono, ikapata njia. "Shemeji, nakuheshimu, na maharagwe yako nimeyapokea. Lakini ndani ya nyumba hii iliyojengwa kwa samaki hutasema samaki kama unatema mate. Kaka yako aliwala mpaka siku yake ya mwisho na hakuona haya. Aliyeona haya ni mimi, nikamvisha mtoto haya yangu na kuyaita dawa. Nimekwisha. Ukitaka kumsaidia Riziki, msaidie Riziki. Ukitaka dokta, rudi Lemera, utawakuta wengi."

Akarudi. Na jogoo akarudi naye. (Maharagwe aliyasahau, tukayala.)

Msinidhanie kwamba yote yakawa matamu baada ya hapo. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu wale wale na kumwomba Mama Rahabu msamaha, kwa mikro ile ile. Alinikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Umenuka vizuri leo," na sijui mpaka sasa kama ilikuwa rehema au kisu. Mtaani wananiita Mama Dokta wa Ndagala, watu wazima wenye nywele nyeupe, nami ninapita nimenyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo nitaokota tena mawe. Na Yoshua, yule Metre, alipoona Riziki amesema na mbingu haikuanguka, alimwambia bibi yake kwamba sheria haitaki, anataka kutengeneza injini za boti. Mama Rahabu amenikasirikia kwa hilo hadi leo. Mwacheni akasirike. Amuulize mtoto.

Asubuhi ya mtihani Riziki alikuja kitandani kwangu na kalamu yake. "Koko, uniombee tena," akasema. "Ile ya kwanza uliombea mutu mwingine."

Nikaipokea ile kalamu. Kabla ya kufumba macho nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanichoma tangu siku ile. "Mbele ya Pasta, kabla sijasimama, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilitaka kusema: sijajua bado, Pasta, lakini niko napenda samaki." Akacheka. "Hiyo tu. Nilikuwa naogopa kama watu watacheka."

Walicheka, mjukuu wangu. Walicheka, na sababu ya kicheko ilikuwa mimi.

Nikaomba. Nimeombea watu wengi maishani mwangu na maombi marefu ndiyo sifa yangu, lakini asubuhi ile nilisema tu, "Mungu, huyu ni Riziki." Kisha nikasema Amina, kwa sababu nilikuwa nimefika mwisho wa yale ninayoyajua juu yake.

Alifaulu, na sasa yuko huko anakosoma, mbali na ziwa lenyewe, anasoma juu yake. Hakukaa Bukavu kwa mtoto wa Zakaria. Anakaa kwa mama mmoja wa kanisa la huko, anamsaidia kazi za nyumba, na ni ngumu, na sitaipamba. Koti alikwenda nalo. Nilitaka kulifua kwa ndimu, nikiwa nimekwisha kuzikata, akanizuia mkono. Akasema niliache, atakaponikumbuka atalinusa.

Nami nimeapa mbele za Mungu: sitamwita tena mtoto wa mtu kwa jina la kazi ambayo hajaichagua kwa mdomo wake, na Jumapili ya kalamu, Pasta akileta ile mikro karibu na wazee, nitaishika mimi nimrudishie mtoto, hata kama ni lazima nishindane na Pasta. Na ninyi wazee wenzangu mnaosoma hapa mkiwa na finalisti nyumbani, kabla hamjapiga magoti leo jioni kumwambia Mungu mtoto huyo atakuwa nani, mgeukieni, mzime redio, mumuulize. Mkingoja jibu kwa muda mrefu, ngojeni.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukusikiliza mdomo wako unapofunguka, akupe masikio kwa ajili ya walio chini ya dari yako, na chochote unachokinukia kwa sababu ya kazi ya mikono yako, akakihesabu kuwa manukato. Amina.